Sababu Zisomwe

Jina la kumi na tisa lilizimika juu ya vichwa vya wajumbe, na ukumbi ukapiga makofi matatu.

Majina yenyewe yalikuwa ya mwanga mtupu, kila moja refu kama mtu mzima, yakielea hewani katikati ya Ukumbi Mkuu wa Chama cha Wajenzi, jijini Miyombo. Asubuhi yalikuwa arobaini na moja. Kila baada ya dakika mbili mashine iliyoitwa Mchujio iliondoa moja, bila mlio wowote. Herufi zilififia tu, kama moto wa jiko lililofungwa gesi. Kisha Mwenyekiti, Mzee Lukonge, aliyeshika kiti hicho kwa miaka thelathini na moja na sasa akisimama kwa msaada wa miguu-umeme, alisema maneno yale yale: "Tumstahi mwenzetu." Makofi matatu. Aliyekatwa aliinama kidogo akakaa.

Mchujio ulikuwa ubongo-umeme wa ukubwa wa kabati la nguo. Ulisoma maisha ya kila mwanachama kupitia kadi iliyopandikizwa chini ya ngozi ya mkono, ukayalinganisha na maisha ya viongozi wa miaka themanini na mitatu ya utawala wa Chama, ukatoa alama, zake na za ukoo wake. Watu waliupenda. Zamani kutafuta mwenyekiti kulikuwa ni bahasha, vikao vya chumbani na fomu moja tu iliyochapwa. Sasa kila mwenye nia alichukua fomu, na mashine haina mjomba. Safari hii ndiyo ilitegemewa zaidi, maana kwa nusu mwaka Chama kilikuwa kimepasuka vipande viwili: watu wa Katibu Mkuu Kasanda na watu wa Sekela Mwaipopo, mkuu wa jimbo la kusini. Walikuwa wamefikia kutozikana.

Juu ya ukumbi, katika chumba cha kioo, mhandisi Namsifu Mshana aliangalia vipimo huku akimbembeleza mwanawe mgongoni. Tuse alikuwa na miezi minane, na kituo cha watoto kilifungwa kwa ajili ya mkutano. Kazi ya Namsifu ilikuwa moja: likibaki jina moja, aweke dole gumba kwenye kisomadole kuthibitisha kwamba mashine imefanya kazi yake sawasawa. Bila dole hilo, hakuna matokeo.

Jina la thelathini na nane lilikuwa la Sekela Mwaipopo.

Makofi yalichelewa, halafu yakaja. Namsifu hakupiga. Huyu ndiye mama aliyefungua madarasa ya jioni kusini, yale ambayo Namsifu alisomea hesabu akiwa muuza vitumbua mchana. Mkono wake ukafungua ukurasa wa sababu kabla akili haijamkataza.

Kanuni ya kumi na saba ilisema sababu zisomwe hadharani mwanachama yeyote akiomba. Katika chaguzi tatu za Mchujio hakuna aliyewahi kuomba. Kumwombea mwenzako asomewe alichokatiwa ni kumvua nguo mbele za watu, ndivyo walivyoona, na kustahiana kukawa ndiyo sheria.

Sekela alikuwa na mstari mmoja tu: *Mwaka wa sabini na tisa wa Chama, aliuliza maji ya bwawa yameenda wapi.*

Namsifu akafungua wa jina la thelathini na saba. Aliuliza. Wa thelathini na sita. Aliuliza. Akashuka mpaka wa kwanza, na mgongoni kukawa na joto ambalo halikuwa la mtoto.

Akaelewa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolisha mashine ile mihtasari ya vikao. Makatibu wa Chama, kizazi hadi kizazi, walikuwa na mtindo wao wa kuandika. Waliosifu hawakutajwa; iliandikwa tu, "wajumbe walichangia." Aliyeuliza aliandikwa jina lake lote, na jimbo lake, ili ajulikane. Kikao kilichofuata, jina hilo halikuonekana tena. Mashine ilisoma miaka themanini na mitatu ya karatasi hizo, ikajifunza kile ambacho hakuna mtu aliyeifundisha kwa mdomo: kiongozi ni yule asiyeuliza. Haikudanganya. Ilikuwa mwanafunzi mzuri mno.

Mlango ukasukumwa. Katibu Mkuu Kasanda aliingia akitabasamu, sare yake ya rangi ya udongo imenyooshwa mpaka inakwaruza.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Tuse. Huyu binti hajalala tu. Analinda mitambo." Akamgusa mtoto shavu. "Limebaki moja. Weka dole twende tukale."

Namsifu akatazama chini. Kweli, hewani lilielea jina moja: *Kasanda Ntiruka.*

"Mheshimiwa, wote arobaini wamekatwa kwa kosa moja."

"Mashine imekata. Wewe na mimi si kitu."

"Lakini wewe, Mheshimiwa, huna swali hata moja kwenye kumbukumbu. Miaka ishirini na minne."

"Nilikuwa nasikiliza." Hakuwa na hasira hata chembe. Akavuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Ukoo wenu una alama themanini na mbili. Si haba, kwa watu wa vitumbua. Huyu mtoto ukurasa wake bado mweupe. Shule ipi, hospitali ipi, yote yatatoka kwenye ukurasa huo. Kikao bado kinaendelea, na Mchujio unasikia kila neno la humu ndani. Usimwandikie mwenzio mstari wa kwanza kabla hajaota meno."

"Ameshaota mawili," Namsifu alisema.

Alimfungua Tuse mgongoni, akampakata. Mtoto alimtazama kwa macho makubwa yasiyodai lolote. Namsifu alifikiria darasa ambalo siku moja huyu angekaa, akinyoosha mkono, na mwalimu akimwambia kwa upole, mwanangu, shusha. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Mwenyekiti, naomba mwongozo."

Vichwa elfu mbili viliinuka. "Ajitambulishe anayesema," Mzee Lukonge alisema.

"Mhandisi wa Mchujio, mzee wangu. Kadi yangu ni hai. Kwa Kanuni ya kumi na saba, naomba sababu zisomwe."

"Binti, tuwastahi wenzetu."

"Nawastahi, ndiyo maana nasoma." Akaanza. "Sekela Mwaipopo, aliuliza maji ya bwawa yameenda wapi. Elia Mbata, aliuliza kwa nini wagonjwa wanarudishwa getini. Hawa Chimbala, aliuliza kama aliyekufa anaweza kupiga kura. Pius Nkana, aliuliza chakula cha mchana kitakuja saa ngapi."

Kicheko kililipuka upande wa magharibi. "Na hakikuja," Pius Nkana alisema kwa sauti, akiwa ameketi, na kicheko kikazidi.

Alizisoma zote arobaini. Kufikia katikati hakuna aliyecheka. Alipomaliza alisema, "Ndugu Kasanda Ntiruka, hakuna swali. Mimi niliilisha mashine hii mihtasari yetu. Kosa ni langu pia. Nauliza: ndicho tunachokitafuta hiki?"

Kadi iliyokuwa ikiwaka kijani chini ya ngozi yake iligeuka nyekundu. Kwenye kioo cha mitambo, ukurasa mweupe wa Tuse ukapata mstari wake wa kwanza. *Mama aliuliza.* Namsifu aliusoma mara mbili, lakini hakuutoa mkono wake kwenye kitufe.

Chini, mama mmoja mnene wa jimbo la kaskazini alisimama akishika kiuno. "Mwenyekiti, mimi Bi. Mwanjaa. Huyu mtoto wa watu kasoma kweli au kasingizia? Naomba nijibiwe." Mkono wake ukawaka nyekundu, akautazama. "Ala. Kumbe kweli."

"Jamani, mashine inasikia," Kasanda aliwaonya kupitia kipaza sauti cha pili.

"Kwani tunaiogopa?" mtu akajibu. Nyekundu.

"Maji ya bwawa yalienda wapi?" Nyekundu.

"Mashine ni nani ya kutuchagulia?" Nyekundu, nyekundu, mpaka safu nzima ya nyuma ikawa kama makaa. Wengine walikaa kimya, wamefunika mikono yao kwa mikono. Walikuwa na watoto pia, na Namsifu hakuwalaumu.

Mzee Lukonge alinyanyua kiganja, ukumbi ukatulia. "Mhandisi," alisema, "kitu hiki kinazimwaje?"

Mkono wake mkongwe, wa Mwenyekiti, ukawaka nyekundu. Aliuona, akacheka peke yake, kicheko kikavu.

"Sina uwezo wa kukizima, Mwenyekiti. Nina uwezo wa kuthibitisha au kutothibitisha. Sithibitishi."

"Dole lako hujui thamani yake," Kasanda alimnong'oneza.

"Ni la kupikia vitumbua, Mheshimiwa. Nitarudi huko."

Mwenyekiti akasema basi majina yote arobaini na moja yarudi, na kura zihesabiwe kwa mikono, kama walivyofanya wazee wao kabla hata ya fomu.

Katibu Mkuu alikuwa bado Katibu Mkuu, na amri yake ya kwanza ilitangulia kura. Askari alimsindikiza Namsifu hadi korido ya nje, akamvua kitambulisho cha kazi, akakitia mfukoni bila kumtazama usoni. Mlango wa ukumbi ukafungwa. Namsifu akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akamnyonyesha mtoto. Ndani ilisikika sauti ya kuhesabu, polepole, ikipotea na kurudi. Hakujua ni jina la nani wanalolihesabia. Hakujua kesho angeamkia wapi.

Askari alisimama pale muda, mkono wake wa kijani nyuma ya mgongo. Alimtazama mtoto akinyonya. Akatazama mlango. Halafu akausukuma kidogo, akaingiza kichwa.

"Samahanini, ndugu zangu," alisema. "Mmefika ngapi?"