Maktaba Aliyoiacha Shiundu

Nekesa alirudi nyumbani mtaani Shauri Moyo kutoka soko la Gikomba, akatua mzigo wake wa mitumba na kuwasha kompyuta. Tangu amzike mumewe, Shiundu, hakuwa na faraja nyingine ila kumsikia akiimba wimbo aliourekodi hapo sebuleni.

Jioni hiyo kompyuta ilikataa. Programu ya nyimbo iliandika kwamba maktaba yake haionekani. Nekesa akaona amefiwa mara ya pili.

"Patrobas, umefanya nini?" alimuuliza shemeji yake aliyeshinda nyumbani siku hiyo.

"Nimesafisha tu, shemeji. Nguo za marehemu tuligawa. Nikaona folda yake nayo haina mwenyewe, nikaifuta."

Nekesa aliangua kilio. Patrobas, roho juu, akakimbia kumwita jirani yao Nangila, mwalimu wa kompyuta.

Nangila alitazama kwa makini. "Pole, Nekesa. Wimbo upo, uko kwenye folda yako. Kilichopotea ni maktaba ya pamoja."

"Maktaba ya vitabu?"

"Hapana. Ni faili lenye kazi zilizoandikwa tayari, ambazo programu nyingi huazima. Ni kama mfereji wetu hapo nje. Mtu akiujenga chumbani mwake, siku akifunga mlango, sote tunakosa maji. Marehemu aliiweka chumbani mwake, yaani kwenye folda yake."

"Basi ingekaa wapi?"

"Maktaba zinazokuja na Linux yenyewe, mfumo unaoendesha kompyuta hii, hukaa kwenye folda ya /usr/lib. Hizo usiziguse. Ukiongeza yako, iweke /usr/local/lib, mahali pa wote. Kisha andika sudo ldconfig, kompyuta ijue kuna mgeni."

"Na ishafutwa! Maji yakimwagika hayazoleki."

Patrobas alitoa flashi mfukoni, kichwa chini. "Nilinakili folda yote kabla ya kuifuta. Nisamehe, shemeji."

Nangila aliitoa maktaba kwenye flashi, akaiweka mahali pake, akaandika ile amri. Wimbo ukaanza. Sauti ya Shiundu ikajaa chumba. Kwenye ubeti wa pili alishikwa na kikohozi. Nekesa aliujua huo mwisho, lakini moyo wake haukuwa umeuzoea.

"Zima, Nekesa wangu," Shiundu alisema kwenye rekodi. "Tutamalizia nikipata nafuu."

Nekesa hakuzima. Aliushika ubeti pale mumewe alipouachia, akauimba mwenyewe, na Patrobas, machozi yakimtiririka, akamwimbia besi.