Agata Aliposema Amepona

Nyumbani kwa Agata, siku ya kukamua mawese hakuna anayekaa kimya. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinachemka ndani ya pipa. Moshi unaingia machoni. Majirani wanasukuma mti wa mashine, wanazunguka na kutaniana. Anayecheka kwa sauti kuliko wote ni Agata. Alizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi kwao Rumonge na wazazi wake. Hapa ndipo alipompata Clever, mume mpole anayependa kula kuliko kusema.

Jambo moja liliwaumiza. Walitaka mtoto, na hawakuwa naye.

Kisha Agata alipima damu kituo cha afya. Akaambiwa ana virusi vya UKIMWI. Clever naye alipima, hana. Agata alilia sana. Akaanza kumeza dawa, kidonge kimoja kila jioni. Moyoni alijiambia, "Nitapona kwanza. Nikipona, nitazaa."

Miezi ikapita. Akapima tena. Muuguzi akamwambia, "Virusi havionekani katika damu yako." Muuguzi aliendelea kueleza, lakini Agata hakusikia neno jingine. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Clever! Nimepona!"

"Kweli?"

"Wametafuta, hawakuona kitu!"

Clever akachinja kuku. Maskini kuku, alichinjwa kwa habari ambayo haijaisha. Jioni hiyo Agata hakumeza kidonge. Kesho yake pia hakumeza.

Ikafika siku ya kukamua. Alikuja Sikujua, jirani ambaye watu humwita Mama Fahadi. Sikujua anaishi na virusi miaka mingi, na kituoni huwashauri wenzake. Majirani wengine walipoenda kula, wao wawili walibaki kando ya moto. Agata alikuwa akiengua mafuta kwa bakuli.

"Mama Fahadi, mimi simezi tena vile vidonge. Nimepona."

Sikujua akaacha kazi. "Nani amekuambia?"

"Hawakuona virusi. Ni kama kazi yetu hii. Mafuta yanapanda juu, tunayaengua yote, chini yanabaki maji. Dawa imeengua virusi vyote."

Sikujua akaokota makapi ya ngazi yaliyotoka kwenye mashine.

"Hii tumekamua?"

"Tumekamua."

"Iko na mafuta?"

"Hapana. Yamekwisha."

"Tupa mu moto."

Agata akatupa. Moto ukaruka juu, naye akaruka nyuma. Sikujua akacheka.

"Kumbe mafuta yalibaki ndani," Agata akasema polepole.

"Na virusi iko vile, dada. Mu damu haionekane, lakini mu mwili iko, imejificha. Dawa inailalisha. Ukiacha dawa, inaamuka na inazaana. Tena inaweza kuzoea dawa, isikusaidie tena."

"Basi dawa ya kuponya kabisa haipo?"

"Bado. Waganga wa hospitali wanaitafuta. Siku itapatikana, tutacheza sisi wawili mu barabara! Lakini leo, mutu akikuuzia mizizi ya kuponya UKIMWI, anakudanganya."

Agata akakaa chini. Machozi yakamtoka. "Basi na mtoto simpati."

"Nani amesema? Fahadi wangu unamujua?"

"Yule anayevunja vioo vya watu kwa mpira?"

"Huyo huyo! Nilimuzaa niko na virusi. Yeye hana. Nilikunywa dawa kila siku. Kama virusi haionekane na unaendelea kunywa dawa, huwezi kumuambukiza bwana yako mu kitanda. Ukipata mimba, waganga wa kituo watakufuatilia. Mutoto akizaliwa, naye atapewa dawa yake. Watoto wengi wanazaliwa wazima hivyo."

Agata akamtazama mdomo wazi. "Mama Fahadi! Yaani mtoto ninayemsubiri, wala hahitaji nipone?"

"Anahitaji ukunywe dawa."

Agata akamkumbatia kwa mikono yenye mafuta. Kitenge cha Sikujua kikaharibika, na Sikujua hakujali.

Asubuhi Agata na Clever walikwenda kituoni. Agata alisema ukweli kwamba aliacha dawa. Muuguzi hakumgombeza. Alimrudishia dawa siku hiyo hiyo na kumpangia vipimo. Safari hii Agata alikaa mpaka muuguzi akamaliza.

Tangu hapo, kila jioni Clever alileta kikombe cha maji. "Haya, meza." Agata akameza. Virusi vilipokuwa havionekani tena, muuguzi akawaambia, "Sasa tafuteni mtoto." Clever, ambaye husema kidogo, siku hiyo alisema sana.

Binti yao alizaliwa kituoni. Wakamwita Schékinah. Alipewa dawa yake, akanyonya, akanenepa. Alipimwa kila mara muuguzi aliposema apimwe. Alipoacha kunyonya, walimpeleka kwa kipimo cha mwisho. Clever alishindwa kukaa. Alizunguka uani na kofia mkononi.

Muuguzi akatoka. "Schékinah hana virusi. Mtoto wenu ni mzima."

Clever akarusha kofia juu, ikakwama kwenye bati. Watu waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele bila kujua sababu. Agata alikuwa analia na kucheka pamoja. Akapita kwenye dirisha la dawa, akachukua vidonge vyake.

Schékinah naye alikuwa analia, kwa sababu ya sindano. Mara akaona beseni la mama muuzaji getini. Akanyamaza, akanyoosha kidole.

"Mandazi!"

"Twende, mwanangu," Agata akasema. "Leo utakula mpaka useme basi."