Sekunde Arobaini za Namba Kumi na Saba

"Kuku ametaga nje ya banda."

Sauti ya Mkuu wake wa idara ya upelelezi ilikuwa kavu sikioni. Komeo alikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, ovaroli ya fundi viyoyozi aliyojificha nayo ikimbana makwapani. Bisibisi ilimponyoka, ikaanguka sakafuni.

Miezi sita alikuwa akiyasubiri maneno hayo huku akiomba asiyasikie. Maana yake ilikuwa moja tu: funguo za kidijitali za mashine zilizomo vichwani mwa wagonjwa arobaini na mmoja zilikuwa zimeibwa hospitalini.

Akashuka vidato vitatu vitatu. Akausukuma mlango wa chumba cha mawimbi ya ubongo.

Hakukuwa na mtu.

Kikombe cha chai kilikuwa bado kinafuka mezani. Fundi wa mawimbi, mtu mpole aliyezoea kumtania kuhusu viyoyozi vinavyovuja, hakuwepo. Kompyuta yake nayo haikuwepo.

Kazi ya fundi huyo ilikuwa kuisomesha mashine. Kila mgonjwa alikuwa na kidude kwenye fuvu, kidogo kuliko kiberiti, chenye nyaya mbili nyembamba zilizozama ubongoni. Kidude kilisikiliza usiku na mchana. Kikitambua mawimbi yanayotangulia kifafa, kilipiga mkondo mdogo wa umeme na kuyatuliza kabla mwenyewe hajajua lolote. Fundi ndiye aliyekaa na michoro ya kila mtu akikifundisha kidude: hiki ni kifafa, hiki ni mtu anacheka tu.

Sasa kuna watu waliotaka kukifundisha uongo. Kikiambiwa kwamba kila wimbi ni kifafa, kingepiga umeme mfululizo. Na nguvu ikizidishwa, kingeuwasha moto ule ule kilichowekwa kuuzima.

Mgonjwa namba nne alikuwa jaji. Asubuhi hiyo angesoma hukumu ya genge lililopitisha bunduki mpakani ndani ya makontena ya vigae. Akianguka kitini pake, kesi ingeanza upya, washtakiwa wangepata dhamana, wangeyeyuka.

Komeo akapachika kinasa kwenye waya wa ukutani. Maagizo ya mwisho yaliyotumwa yakajitokeza kwenye Samsung yake iliyopasuka kioo.

*Jaribio: namba 17. Saa 4:00.*

*Kazi: namba 4. Saa 4:30.*

Akatazama Casio yake. Saa nne kasoro dakika tatu.

Namba kumi na saba.



Namba kumi na saba alikuwa mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka pale kutibiwa, kwa upendo, ndiyo, lakini pia kwa sababu idara ilihitaji kujua utaratibu wa ndani. Na ili mtu yeyote asiunganishe jina la fundi viyoyozi na la mgonjwa, kwenye fomu, mbele ya "ndugu wa karibu", aliandika kwa mkono wake mwenyewe: *Hana.*

"Mkuu, kuna jaribio kabla ya jaji. Nampigia mgonjwa azime kiboksi chake cha mawasiliano, kile cha nyumbani kinachokipokelea kidude maagizo."

"Usipige."

"Mkuu..."

"Kiboksi kikizimika watajua tumewashtukia, watahama. Nahitaji sekunde arobaini wakiwa hewani nijue walipo. Jaribio lipite."

"Ataanguka."

"Ameshaanguka mara ngapi maishani? Atainuka. Kwani ni nani kwako?"

Kidole gumba cha Komeo kilikuwa juu ya jina la mdogo wake.

"Si mtu," akasema. "Ni mgonjwa tu."

Saa nne kamili.

Alihesabu. Hakuna kazi aliyowahi kufanya iliyokuwa nzito kama kusimama wima pale na kuhesabu. Kumi. Ishirini. Akilini alimwona mdogo wake macho yakipinduka, taya likikaza. Thelathini. Aliona chai ya fundi imeacha kufuka.

Arobaini.

"Tumewanasa! Maegesho ya ghorofa, mkabala na mahakama. Ghorofa ya nne. Wewe ndiye uliye karibu. Nenda!"

Akatoka mbio, akamkuta muuguzi wa zamu kwenye korido.

"Namba kumi na saba ameanguka nyumbani. Peleka gari sasa hivi!"

"Fundi, wewe umejuaje?"

"Kimbia, dada! Utaniuliza baadaye!"

Yamaha ilinguruma. Akapita katikati ya magari, akapanda kingo za barabara, akakata kona ambayo mtu mwenye akili zake asingeikata. Saa nne na dakika ishirini na mbili alizima injini chini ya jengo. Akapanda ngazi kwa miguu.

Ghorofa ya nne. Toyota Noah nyeusi, vioo vya kiza.

Nje yake alisimama mtu mrefu aliyevaa glavu za ngozi kwenye joto lile. Idara ilimwita Glavu. Ndiye mnunuzi wa funguo aliyetoka nje ya nchi, na leo alikuja kuona bidhaa ikifanya kazi.

Glavu alichomoa bastola kwanza. Risasi ikatoboa tairi la gari jirani.

Komeo akajibingirisha chini ya Noah, akaudaka mguu, akauvuta. Kichwa kikagonga saruji. Glock ikateleza mbali. Ngumi moja, ya pili. Ya tatu haikuhitajika, lakini aliipiga.

Akafungua mlango wa gari. Fundi wa mawimbi alikuwa amepakata kompyuta, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Saa nne na dakika ishirini na nane.

"Ondoa mkono," Komeo akasema. "Polepole."

Fundi wa mawimbi akaondoa. Alikuwa analia.

"Fundi viyoyozi? Kumbe ni wewe?" Akameza mate. "Sikutaka kumuumiza mtu. Hata kwenye jaribio tulichagua yule asiye na ndugu. Ili asiumie mtu mwingine."

Komeo alimfunga pingu. Maneno yale yalimwingia kama sindano, na hakuwa na wa kumlaumu.

Kule ng'ambo ya barabara, jaji alianza kusoma hukumu. Akaisoma mpaka mwisho.

"Kazi safi," Mkuu akasema sikioni.

"Yule mgonjwa ni mdogo wangu, Mkuu."



"Hukuniambia."

"Sikukwambia."

Akakitoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni.

Mchana alimkuta mdogo wake wodini, ameegemea mito miwili. Ulimi ulikuwa umevimba kwa kuumwa na meno. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa bandeji. Sindano ya cherehani ilikuwa imepita katikati ya ukucha.

"Nilikuwa nashona kola," akasema, maneno yakimtoka mazito. "Miezi minane sijaanguka, kaka. Nilishaanza kufunga mlango wa bafuni kwa ndani, kama watu wengine."

Komeo akavuta kiti. Kanuni za idara zilimkataza kusema. Akasema yote: ovaroli, fomu, jaji, sekunde arobaini.

Mdogo wake alisikiliza bila kupepesa.

"Ulijua dakika tatu kabla?"

"Nilijua."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa mkononi. Lakini ungekizima kiboksi, wangekimbia."

"Nani kasema ningezima?" Akajiinua kwenye mito. "Ungenipigia, ungesema: mdogo wangu, toa mkono kwenye cherehani, lala chini, utaanguka kwa sababu kubwa. Ningelala sakafuni mwenyewe, nikangoja. Kwa ajili yako ningengoja."

Katika dakika zote tatu zile, wazo hilo halikumpitia Komeo hata kwa mbali.

"Nimefurahi jaji amepona," akasema mdogo wake, akageukia ukutani. "Sasa niache nilale. Na usije kesho. Nitakuita mwenyewe nikiwa tayari."

Komeo akasimama. Akavaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi taratibu, mikono mifukoni. Getini mlinzi akamsalimu kwa kicheko.

"Fundi! Mji mzima unazungumza habari za risasi, wewe umetulia kama maji ya mtungini!"

Komeo akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akavuka barabara bila kuharakisha.

Mikono hakuitoa mifukoni. Mmoja ulikuwa umeikamata simu, asije akaitwa asisikie.