Kemshafti ya Baba na Cherehani ya Mama

“Mlima wa kuishinda pikipiki ya baba yangu bado haujazaliwa!”

Maneno hayo yalimtoka Redio asubuhi ya Jumatatu, akiwa amebanwa kati ya mgongo wa baba yake na kreti za mikate kama karatasi iliyosahauliwa ndani ya kitabu. Alikuwa akiwapigia kelele wanafunzi wenzake waliokuwa wakipanda kilima kwa miguu. Jina la Redio hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa mzima, kwa sababu alisema tangu alfajiri mpaka kulala, na hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Baba alichukua mikate kwenye tanuri la bondeni, akamshusha Redio shuleni katikati ya kilima, kisha akaendelea hadi juu hospitalini, ambako wagonjwa walisubiri kifungua kinywa. Kazi hiyo ndiyo iliyonunua unga, sabuni na sare za shule.

Basi, mlima ukazaliwa palepale. Pikipiki ilikohoa, ikatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, ikaanza kupungua mwendo. Baba akazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho. Pikipiki ikatetemeka, ikazima.

“Redio, betri imekwisha?” mmoja wa wanafunzi aliuliza, na wengine wakaangua kicheko.

Walikuwa bado wanacheka ilipopita pikipiki nyingine kwa kishindo. Dereva wake aliitwa Risasi, kijana asiyebeba mzigo wala abiria mzito, na kila aliyemsimamisha alielezwa habari za kemshafti ya resi aliyoiweka ndani ya injini yake. “Mzee, weka kemshafti kama yangu!” alipiga kelele bila kusimama. “Hiyo yako mpe bibi akaendee sokoni!”

Baba alishuka. Alisukuma pikipiki kwa mikono, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Redio naye alisukuma kwa nyuma. Mikate ilifika hospitalini imepoa na imechelewa, na mwenye tanuri alipopata habari hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana. Alisema tu kwa upole, “Wagonjwa hawali visingizio, bwana. Mpaka Ijumaa nione imefika kwa wakati, la sivyo natafuta mtu mwingine.”

Kesho yake baada ya shule, Redio na mdogo wake walimkuta baba kwa fundi. Mdogo wake aliitwa Kifaranga, mtoto wa miaka sita, ambaye alimfuata dada yake kila mahali, hata asipotakiwa. Fundi alikuwa mtu mnene, rafiki wa baba tangu ujana, na alifanya kazi chini ya paa la mabati lililojaa masizi.

“Nieleze tena, fundi,” baba alisema. “Hiyo kemshafti ya resi itanisaidia au haitanisaidia?”

Fundi alifuta mikono, akaokota sakafuni chuma kifupi chenye vinundu. “Hii ndiyo kemshafti. Hukaa ndani ya injini. Ikizunguka, vinundu hivi vinazisukuma valvu, valvu zinafunguka, injini inavuta pumzi. Ya resi ina vinundu vikubwa zaidi, kwa hiyo injini inavuta pumzi nyingi zaidi.”

“Si ndicho ninachotaka!”

“Ngoja, ndugu yangu, hujanisikia mpaka mwisho. Faida yake inakuja injini ikizunguka kwa kasi sana, kwenye barabara tupu. Wewe unapanda polepole na mzigo. Mwendo huo, kemshafti ya resi itakunyang’anya hata nguvu uliyonayo, na mafuta itayanywa kama yanatoka kisimani.”

“Mbona Risasi amenipita mlimani?”

“Risasi habebi kitu ila kiburi chake, na kiburi hakina uzito.” Fundi alicheka peke yake, kisha akaacha. “Mimi kinachonisumbua ni huo moshi mweusi. Moshi mweusi ni injini inayokosa hewa. Pikipiki ni kama mtu. Mzibe pua, halafu mwambie apande kilima, uone kama atafika. Niachie nusu siku niikague kwanza.”

Pua. Neno hilo lilimwingia Redio kama maji ya baridi mgongoni.

Jumapili alikuwa ameiosha pikipiki, kama alivyofanya kila Jumapili. Baba alikuwa amemfundisha vizuri: kabla ya kumwaga maji, funua kiti, ziba tundu la hewa kwa kitambaa ili maji yasiingie kwenye injini. Ukimaliza, kitambaa kwanza, mengine baadaye. Redio aliziba kwa kipande cha kitambaa cha maua kilichobaki kwenye ushonaji wa mama. Akamwaga maji, akasugua, akarudisha kiti. Wakati huo wenzake walikuwa wanamwita akaruke kamba, na tayari alikuwa na hadithi ya kuwasimulia. Kitambaa kilibaki ndani.

“Dada,” Kifaranga alisema kwa sauti, “pua ya pikipiki si ndiyo ile tuliyoi—”

Kiganja cha Redio kilifika mdomoni mwake kabla ya neno kumalizika.

“Ana njaa,” Redio alimwambia baba. “Tunakwenda nyumbani.”

Njiani alijipangia mambo, na kwa mpango Redio alikuwa hodari. Jioni baba akirudi na pikipiki, atafunua kiti, atachomoa kitambaa, atakitupa chooni. Asubuhi pikipiki itakuwa imepona yenyewe, kama homa inayopita. Hakuna atakayeuliza. Usiku alimpa Kifaranga kipande chake cha mkate, na Kifaranga, mtu wa kuheshimu makubaliano, alikula na kunyamaza.

Lakini baba alirudi kwa miguu.

“Pikipiki nimeiacha kwa fundi,” alimwambia mama huku akivua viatu. “Anataka kukagua, kukagua. Ijumaa hiyo inakuja! Nimemwambia asiiguse mpaka nilete kemshafti. Mama watoto, sina njia nyingine.” Alivipanga viatu kando ya mlango. “Yule mshonaji wa barabarani bado anaitaka cherehani?”

Mama alikuwa anashona. Mguu wake ulisimama juu ya pedeli.

“Fundi amesema itasaidia?”

“Fundi ana woga. Kila kitu kwake ni ngoja.”

“Baba watoto, msimu wa mvua pikipiki haitoki kila siku kwa matope. Cherehani hii ndiyo inayotulisha.”

“Na kazi ya mikate ikienda, cherehani peke yake italisha watu wanne? Na sare za shule?”

Hakusema kwa ukali. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama aliinamisha kichwa, akamaliza mstari aliokuwa akiushona, akakata uzi kwa meno.

Jumatano, baba aliazima baiskeli ya jirani na kuipandisha mikate kilimani kwa kuisukuma. Alirudi akajilaza na viatu mguuni. Redio alipotoka shule alipita kwa fundi mbio. Pikipiki ilikuwa imefungiwa ndani ya kibanda, kufuli nje, na fundi hakuwapo. Alitia jicho kwenye upenyo wa mbao, akaiona imesimama gizani. Akarudi nyumbani akijiambia kwamba bado kuna muda.

Muda ulikuwa umekwisha. Mlangoni alimkuta mshonaji wa barabarani na kijana wake, wameinyanyua cherehani, mmoja kichwani mwa meza, mwingine miguuni, kama wanaobeba mgonjwa. Mama aliwafuata na kitambaa mkononi, akiifuta vumbi hata wakiwa wanatembea.

“Kwenye sindano nyembamba inakwama kidogo,” alimwambia mshonaji. “Usiilazimishe. Izungushe gurudumu kwa mkono kwanza.” Kisha akampa kikopo cha mafuta na kibati cha sindano, vitu ambavyo mshonaji hakuviomba.

Redio alifungua mdomo. Neno moja tu lilihitajika, na yeye alikuwa na maneno ya kuwagawia mtaa mzima. Kifaranga alikuwa amesimama kando ya mlango, akimtazama. Redio akaufunga mdomo. Cherehani ikapandishwa kwenye mkokoteni, ikaenda. Sakafuni, palipokuwa na miguu yake, yalibaki mashimo manne madogo. Usiku mama alishona shati la mteja kwa mkono, karibu na taa, na kila alipojichoma alinyonya kidole na kuendelea.

Alhamisi alfajiri waliondoka wote wanne kwenda kwa fundi. Baba alikuwa na kemshafti ndani ya boksi lake, aliyoinunua jioni kwa pesa za cherehani. Mama naye alikuja. “Nataka kuona cherehani yangu imegeuka nini,” alisema.

Fundi alilitazama boksi, akatikisa kichwa, hakubisha tena. Alifungua kiti ili apate nafasi ya kuanza kazi. Akasimama hapo hapo. Akaingiza vidole viwili kwenye tundu la hewa, akavuta. Kilitoka kitu cheusi, kilicholowa, kikazidi kutoka, kama utumbo wa kuku.

Wote walisogea kutazama. Fundi alikiweka juu ya benchi, akaiwasha pikipiki. Ikanguruma safi, bila moshi. Baba aliipanda, akapanda nayo kilima hadi juu, na walio chini walisikia mlio wake ukienda bila kukatika. Aliporudi na kuisimamisha, injini ikiwa bado inaunguruma, uso wake ulikuwa na furaha na huzuni kwa pamoja, kisha hasira ikazimeza zote mbili.

“Fundi, wiki iliyopita ulibadilisha plagi. Ulifungua kiti. Kitambaa hiki ni chako!”

“Ndugu yangu, mimi?”

“Ni nani mwingine anayeishika injini hii? Cherehani ya mke wangu imekwenda kwa ajili ya uzembe wako! Nitalitangaza mtaa mzima, uone kama kuna atakayekuletea hata baiskeli!”

Fundi alirudi nyuma hatua moja. Alionekana mdogo ghafla, pamoja na unene wake. Mama ndiye aliyesogea kwenye benchi. Alikikunjua kitambaa pembeni, mahali ambapo masizi hayakufika. Maua mawili mekundu yalijitokeza.

“Hiki ni cha kwangu,” alisema polepole. “Nilikikata mwenyewe.”

Macho yote yakamgeukia mwosha pikipiki.

“Nilisahau!” Redio alilia. “Jumapili, baba, nilisahau kukitoa! Wala sikujua. Nimekumbuka sasa hivi tu, nilipoona maua!”

Machozi yalikuwa ya kweli, na yalimsaidia. Baba alifunga macho kwa muda mrefu. Alipoyafungua alimwendea fundi kwanza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya watoto.”

“Yamekwisha,” fundi alisema, ingawa sauti yake ilikuwa haijarudi sawasawa. “Boksi halijafunguliwa. Nitakwenda nawe kwa muuza spea, ataipokea, japo atakata chake. Lakini siku nyingine, ndugu yangu, jua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Kemshafti nzuri ni nzuri kwa aliye na shida ya kemshafti.”

“Na cherehani?” mama aliuliza.

Baba aliinamisha kichwa. “Nimepita pale sasa hivi nikishuka kilima, nikakuta kibanda kimefungwa. Jirani yake amesema alikuwa anahamia kwao. Lori limeondoka usiku.”

Mama alikunja kile kitambaa mara mbili, kama kitu cha thamani. Kisha alimvuta Redio, akamfuta machozi kwa vidole vyenye matundu ya sindano.

“Nisikilize, mwanangu. Kusahau si kosa la kukuulia. Mimi nimesahau chungu motoni mara ngapi? Baba yako naye alifanya haraka, na mimi nilikubali. Tutajibana, Mungu akipenda nitapata nyingine. Mtu aliyesahau, tunamsamehe. Asiyesameheka kirahisi ni yule anayejua, akanyamaza, akamtazama mwenzake anaumia. Wewe hukujua. Basi, nyamaza kulia.”

Redio alitikisa kichwa kukubali, uso wake umefichwa kwenye bega la mama. Baba alipumua. Fundi akaanza kutafuta spana za kurudishia kiti.

“Alijua,” Kifaranga alisema.

Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, miguu yake haifiki chini. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwingine mahali alipoweka funguo.

“Alijua siku ile fundi aliposema pua. Akaniziba mdomo. Usiku akanipa mkate wake nisiseme. Mkate nimeumaliza.”

Mkono wa mama ulisimama mgongoni mwa Redio. Hakumsukuma, lakini hakuendelea kumpapasa.

“Siku ile,” mama aliuliza, “ilikuwa kabla cherehani haijatoka nyumbani, au baada?”

Kifaranga alifikiri vizuri, maana hakutaka kukosea.

“Kabla,” alisema. “Hata walipoibeba alifungua mdomo. Nikadhani anasema.”

Mama alimtazama Redio, akasubiri. Baba akasubiri. Na mtaa ule, kwa mara ya kwanza, ukaisikia redio yake imezimika.