Chungu na Unga Kwenye Kiwanja cha Ghala

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ng'washi alishuka ziwani kuosha sufuria za mama yake. Mama yake, Apolonia, alikaanga samaki kando ya barabara kuu pale Lamadi, na sufuria za kukaangia samaki hazitakati kwa maneno. Ng'washi alizisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikamuuma, kisha akapanda nazo nyumbani kupitia kiwanja cha Ghala.

Watu waliendelea kukiita kiwanja cha Ghala ingawa ghala lenyewe lilikuwa limebaki kuta tatu. Zamani pamba ilihifadhiwa pale kabla ya kupakiwa kwenye mashua. Siku hizi pamba husafiri kwa malori, na kiwanja kilibaki hivyo hivyo, chenye nyasi fupi na upepo wa ziwa. Jioni wavulana walicheza mpira, wasichana walicheza rede, na akina mama waliomaliza biashara walikuja kunyoosha miguu.

Kwa familia ya Ng'washi kiwanja kile hakikuwa cha mchezo tu. Mwaka uliopita mdogo wake, Josia, aligongwa na pikipiki alipokuwa akikimbiza mpira barabarani. Mguu ulipona, lakini ulipona vibaya, na mpaka leo alitembea akiyumba. Tangu siku ile mama alitoa amri moja: "Mpira ni Ghalani tu. Barabarani nisimwone mtu."

Asubuhi ya Jumatano Ng'washi alikuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa kila kona ya kiwanja. Elia, ambaye walisoma naye darasa la sita, alikuwa amesimama pale akivitazama.

"Hujasikia?" Elia alimwuliza. "Mzee Luhende, yule tajiri wa Bariadi, ameomba hapa. Anataka kujenga fremu za maduka, na hoteli ya watalii wanaokwenda Serengeti. Atazungusha ukuta kuanzia barabarani mpaka majini. Jumamosi kuna mkutano wa kuamua."

"Na sisi tutacheza wapi?"

"Sisi? Nani ametuuliza sisi?"

Jioni ile Ng'washi alitaka kumlalamikia mama yake, lakini alimkuta anaimba huku akiparua magamba. "Nikipata fremu moja tu, mwanangu," mama alisema, "nitaachana na jua hili. Nitaachana na vumbi la malori kwenye samaki wangu." Ng'washi akameza maneno yake yote. Lakini usingizi ulipomchukua, alikuwa tayari na mpango, na ulikuwa mpango mbaya.

Alijua jambo moja kuhusu majirani zake. Wengi walikwenda kanisani kila Jumapili na kuimba kwa sauti kubwa. Hata hivyo, wakikuta chungu kimewekwa chini na kuzungushiwa unga mweupe wa mtama, walizunguka mbali. Hiyo ilikuwa alama kwamba mtu amewatambikia wazee wake pale, na hakuna fundi anayechimba msingi juu ya tambiko la watu wengine.

Alhamisi mchana, wavuvi walipokuwa wamelala na mitaa ikiwa kimya, Ng'washi alichota unga katika ndoo ya mama yake. Nyuma ya nyumba ya jirani yao, Bibi Mektilda, kulikuwa na lundo la takataka, na hapo akaokota chungu kilichopasuka mdomo. Akakata bangili yake ya zamani ya shanga nyeupe. Yeye na Elia walipanga vitu hivyo katikati ya kiwanja, wakazungushia unga, wakakimbia. Kisha Elia akaenda mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga, akapiga kelele: "Jamani, kuna tambiko Ghalani!"

Mafundi wa Mzee Luhende walikuja kupima msingi. Walitazama chungu, wakatazamana. Mmoja akabeba jembe lake begani. "Mimi nina watoto," alisema, akaondoka. Wenzake hawakukawia kumfuata.

Ng'washi alifurahi kupita kiasi. Alimpiga Elia mgongoni, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Furaha hiyo haikufika hata jioni.

Jioni, wateja wawili walikula samaki kwenye benchi la mama yake. "Chungu kile mimi nakijua," mmoja alisema. "Kina vidoadoa tumboni. Ni cha yule bibi mwenye macho mekundu."

"Mektilda wa Migato?"

"Huyo huyo. Na tangu mchana mtoto wa jirani yangu ana homa kali. Wewe unaonaje?"

Watoto wa Lamadi huugua homa kila wiki, na mbu wa ziwani wanajua sababu. Lakini siku ile homa ilitafutiwa mwenyewe, na mwenyewe akapatikana. Bibi Mektilda alikuja kutoka Migato kumfuata mwanawe aliyekuwa mvuvi. Mwanawe alipofariki, alibaki peke yake akibanika samaki ili ale. Moshi wa miaka mingi ndio uliomtia wekundu machoni. Hakukuwa na siri nyingine yoyote, ila watu wanaotaka kuogopa hawaulizi habari za moshi.

Ng'washi alisimama na sahani mkononi, akisikiliza. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini alishasikia wakubwa wakinong'ona kuhusu vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Alijua kwamba mambo hayo hayaishii kwenye maneno tu.

Ijumaa shuleni alimvuta Elia pembeni. "Lazima tuseme."

"Ukisema, ukuta unajengwa," Elia alijibu. "Unataka Josia arudi barabarani? Nyamaza. Watasahau."

Hawakusahau. Aliporudi kutoka shule, Ng'washi alimkuta Bibi Mektilda akifagia mawe uani kwake. Bati la nyumba yake lilikuwa limebonyea sehemu tatu, na moja lilikuwa limetoboka.

"Mwadila, mayu," Ng'washi alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, kama alivyozoea kila siku.

Bibi alikuwa mtu wa salamu ndefu. Angekuuliza habari za mama, za masomo, hata za kuku. Siku hiyo hakuinua kichwa. "Usisimame hapa, mjukuu wangu. Watakuona."

Ng'washi alikwenda nyumbani akilia. Alifungua mdomo mara mbili amwambie mama, akaufunga mara mbili. Aliona aibu, na aliogopa, na bado alikitaka kiwanja.

Jumamosi mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kitongoji. Mwenyekiti Masele alikaa mezani pamoja na afisa ardhi aliyetoka wilayani. Mzee Luhende alikaa kando akiwa amekunja miguu. Kabla ajenda haijasomwa, kijana mmoja akasimama.

"Mwenyekiti, tuanze na la chungu. Yule bibi arudi kwao Migato leo hii!"

"Arudi tu?" sauti nyingine iliuliza kutoka nyuma. "Na watoto wanaoumwa je?"

Bibi Mektilda alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mbele. Watu waliokuwa karibu naye walikuwa wamehama mmoja mmoja.

"Kaeni!" Mwenyekiti aligonga meza. "Hapa hatumhukumu mtu kwa rangi ya macho yake."

Hakuna aliyekaa. Vijana wa nyuma walianza kusogea mbele, na wengine wakasogea kwa sababu wenzao wamesogea. Ng'washi alimtazama Josia, aliyekuwa ameegemea ukuta kuupumzisha mguu wake. Akamtazama Bibi. Elia alimshika mkono wa gauni kwa nguvu. Ng'washi akajinasua.

"Ni mimi!" alisema. Sauti yake ilipotea katika kelele. Akapanda juu ya benchi, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Chungu nimekiweka mimi! Bibi hajui chochote!"

Kelele zilikatika. Mama yake alijishika kichwa.

"Niliokota chungu kwenye takataka zake," Ng'washi alisema, machozi yakimtiririka. "Unga niliutoa nyumbani. Shanga ni za bangili yangu. Nilitaka mafundi waogope."

"Mwongo!" kijana yule alifoka. "Bibi amempanga huyu!"

Ng'washi aliona vijana wanaanza kusogea tena. Hapo Elia akasimama, uso wake umepauka. "Hajapangwa na mtu. Mimi nilikuwa naye. Mimi ndiye niliyepiga kelele mwaloni."

"Na unga ulipungua kwenye ndoo yangu," Apolonia aliongeza polepole. "Nilimchapa Josia bure."

Watu walitazama chini. Mmoja baada ya mwingine wakarudi kukaa. Bibi Mektilda alifunika uso kwa kitenge chake, mabega yakimtikisika.

Mzee Luhende alicheka kidogo, akajifuta jasho. "Basi yamekwisha. Jumatatu mafundi wangu wanarudi kazini."

Ng'washi alishuka kwenye benchi. Alijua amekipoteza kiwanja, na amekipoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Subiri kidogo, mzee," Mwenyekiti alisema. "Bado hatujaamua kitu. Ng'washi, njoo hapa mbele. Ulikuwa unatafuta nini mpaka ufanye hivi?"

"Mahali pa kuchezea, Mwenyekiti. Josia aligongwa kwa sababu tulikuwa tunacheza barabarani. Huku mwaloni kuna mitumbwi, kule kuna malori. Ghalani ndipo palipobaki."

"Kwa nini hukuja kutuambia hivyo?"

Ng'washi alifikiri, akajibu kweli. "Nilidhani mtoto akisema hamtamsikia. Lakini chungu mtakisikia."

Mwenyekiti alitazama mkutano wake kwa muda mrefu. Wengi hawakupenda kutazamwa hivyo.

Apolonia akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi nataka fremu, sitaficha. Nimechoka na jua. Lakini fremu inataka barabara, haitaki ziwa. Wateja wangu mimi hawatoki majini."

Watu walicheka, kicheko cha kwanza siku hiyo. "Afisa, hili linawezekana?" Mwenyekiti aliuliza.

"Linawezekana," afisa ardhi alisema. "Isitoshe, sheria hairuhusu majengo ya kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa. Ukuta wa kufika majini usingepita, hata kama leo mngeukubali."

"Hoteli isiyo na ziwa ni gesti tu!" Mzee Luhende alilalamika. Vijana kadhaa walinung'unika pamoja naye, maana walitegemea ajira za hotelini, na hawakukosea kuzitaka. Mabishano yalichukua saa nzima. Mwishowe mikono ilinyooshwa, ikahesabiwa: fremu zijengwe upande wa barabara, na upande wa ziwa ubaki wazi kwa wote, upandwe miti na kuwekwa benchi. Mzee Luhende alikubali fremu na kuiacha hoteli. Mwenyekiti akawaagiza waliorusha mawe walete bati jipya kwa Bibi Mektilda kabla jua halijazama, na wao wenyewe wapande kulipigilia.

Apolonia hakumpongeza binti yake. Alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwa Bibi Mektilda.

Walimkuta ameketi mlangoni. Kando yake kulikuwa na furushi kubwa, limefungwa kwa kamba kwa mafundo magumu.

"Mayu, unasafiri?" Apolonia aliuliza.

"Nilipanga kuondoka kesho alfajiri," Bibi alijibu. "Nimwache mwanangu kaburini hapa, nirudi Migato nisikokuwa na nyumba tena."

Ng'washi alipiga magoti. "Bibi, nisamehe. Nilikuwa nataka kumtisha Mzee Luhende. Sikutaka kukudhuru wewe, haki ya Mungu."

Bibi alimtazama kwa macho yake mekundu.

"Nakuamini," alisema. "Hukutaka kunidhuru. Lakini waliorusha mawe hawakujua ulichokuwa unataka, mjukuu wangu. Walijua ulichowaambia tu. Leo umesimama ukasema kweli mbele ya watu wazima wenye hasira, na hilo sitalisahau. Ila kesho ukitaka kitu, hata kiwe kizuri namna gani, kiombe kwa kweli. Usikiombe kwa uongo, kwa sababu hujui nani atakayeulipia."

Akalisukuma furushi mbele yake. "Haya, lifungue wewe."

Ng'washi alihangaika na mafundo mpaka kucha zikamuuma. Alitoa vitenge viwili, sufuria ndogo, kopo la chumvi, na picha ya kijana aliyeshika kasia akicheka. Kila alichokitoa alimwuliza Bibi kinakaa wapi, akaingia ndani na kukirudisha mahali pake.