Sikio la Kochaunde

Nguzo ya kioo kando ya uwanja iliwaka kijani, na wachezaji wa Unión Valdesol wakageuka wote kwa pamoja kama kundi la ndege. Hakuna aliyepiga kelele. Amri zilipita katika visikizi, vipande vidogo kama punje ya mtama vilivyopachikwa ndani ya masikio yao. Pasi tatu tu, na mpira ukawa wavuni.

Aliyetoa amri hizo kutoka ndani ya nguzo ndiye kocha mpya: Kochaunde, akili ya mashine iliyonunuliwa baada ya timu hiyo ya Kihispania kuponea chupuchupu kushuka daraja. Sasa zilibaki mechi mbili, hii na ya Jumatano, na mji mzima ulikwisha kuuona ubingwa kama kitu cha mkononi.

Mhandisi Mize Faki, mzaliwa wa Wete, hakushangilia. Alikuwa benchini, akimtazama Kheri Shaame, winga kutoka kwao Pemba. Kheri alikuwa akichechemea.

Fulana-hisi mwilini mwake ilipima mapigo ya moyo na mkazo wa misuli, lakini sheria ilisema neno la mchezaji ndilo la mwisho. Kwa hiyo Kochaunde alimuuliza kila mmoja, kwa lugha yake: "Hali yako?"

Sikio la Kiswahili la mashine hiyo alilitengeneza Mize. Alilifundisha kungoja. Mswahili akiulizwa hali hujibu salama kwanza, hata kama nyumba yake inaungua. Habari yenyewe huja nyuma. Wakubwa wa klabu wakaona kungoja huko ni kupoteza muda. Wakaamuru kukatwe. Sasa sikio lilipokea neno la kwanza, likajifunga.

"Mtoe Kheri," Mize alimwambia mkurugenzi, Don Evaristo Lledó. "Goti linamuua."

Don Evaristo alionyesha nguzo. "Ameulizwa sasa hivi. Amesema yu salama."

"Hiyo ni salamu, bwana! Kwetu hata mfiwa hukwambia salama, ndipo akwambie mama amefariki."

"Basi watu wenu wajifunze kusema ukweli."

Damu ilimchemka Mize. "Mmemkata kauli katikati, halafu mnamwita mwongo? Mnataka miguu yake, maneno yake hamyataki!"

"Da Mize, taratibu," alinong'ona Mwinyi Bakari, winga wa akiba kutoka Lamu, kifundo chake kikiwa bado na bandeji. "Huyu atakurudisha Wete kwa miguu."

Mpira ulitoka nje, Kheri akasogea karibu akihema.

"Kheri, mdogo wangu, toka!"

"Nikitoka bila ruhusa sina mkataba, dada. Nimeiambia mashine mara ngapi! Nasema salama, ila goti... nikifika kwenye goti, naambiwa kimbia."

"Basi anza na mbaya! Ikikuuliza, sema mbaya!"

Kheri alicheka, pamoja na maumivu yote. "Mtu akujulie hali, umjibu mbaya? Mama angenichapa."

Nguzo iliwaka kijani. Kheri akakimbia. Akampita beki, akapiga, akafunga bao. Na mguu uliobaki ardhini ukapinda upande ambao goti halipindi. Mayowe yake yalizama ndani ya shangwe za uwanja mzima.

Walimleta kwa machela, uso umejaa jasho. Mize alikuwa amemwinamia alipoisikia ile sauti nyembamba sikioni mwa kijana: "Hali yako?"

"Salama," Kheri alijibu, midomo ikiitangulia akili.

Papo hapo jina SHAAME likatokea kwenye skrini kubwa, katika kikosi cha Jumatano. Watu wakapiga makofi.

Mize alikichomoa kisikizi, akakileta mdomoni. "Mbaya!" alipiga kelele. "Mbaya kabisa! Umemla mguu, sasa unamuuliza hali?"

Jina likafutika.

"Umeona?" alisema Don Evaristo akitabasamu. "Inasikia vizuri tu."

Mahali palipokuwa wazi pakajaa: BAKARI. Mwinyi alisimama, akakikanyagia kifundo chake, akauma midomo. Kisikizi kikalia sikioni mwake.

"Usijibu, Mwinyi!" Mize alipaza sauti. "Nakuomba, usijibu!"

Lakini Mwinyi alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri haiachi salamu ikaning'inia.

"Salama," alisema. "Ila..."

Nguzo iliwaka kijani.