Mchezaji Aliyezuiwa Kufanya Mtihani

Abubakari alikuwa dereva wa hoteli mjini Doha. Kazi yake ilikuwa kupeleka wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Alitoka Tanga akiwa na mke na mtoto mchanga. Shule aliishia darasa la saba. Sasa yeye, mkewe Khadija na mtoto wao Salum walikaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, katika fleti ndogo juu ya duka la kinyozi.

Salum alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisoma biashara chuoni, mwaka wa kwanza. Pia alikuwa winga wa timu ya chuo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili kuliko watu wazima wengi.

Kila alasiri Abubakari akitoka zamu alimpeleka Salum mazoezini kwa gari lake kuukuu. Akishampeleka haondoki. Alisimama nyuma ya wavu, akipiga kelele mpaka koo likakauka.

"Kata ndani! Kata ndani, mwanangu! Huyo beki ni gunia la mchele!"

Siku moja alikwenda na Nahashon, dereva mwenzake kutoka Kenya. Nahashon alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee Abu, kocha ni wewe ama ni yule mwenye filimbi?"

"Mimi ndiye baba yake. Yule kamkuta tayari ameshaiva."

Ulikuwa mwaka 2011. Nchi ilikuwa imepewa nafasi ya kuandaa Kombe la Dunia, na mji mzima uliongea mpira. Kinyozi aliongea mpira. Muuza karak, ile chai nzito ya maziwa, aliongea mpira, akamimina chai nje ya kikombe. Abubakari hakuwahi kusema wazi, lakini moyoni alikuwa ameshamwona mwanawe katika klabu kubwa, akipigiwa makofi na watu ambao yeye huwabebea mabegi.

Habari ya darasa hakuiuliza.

Kipindi cha kwanza kilianza asubuhi na mapema. Khadija ndiye aliyegonga mlango wa chumba.

"Salum! Amka, baba. Utachelewa."

"Mwache," Abubakari alisema. "Jana kacheza dakika tisini. Ule ni mwili, si chuma."

"Na darasa je?"

"Kocha kasema atazungumza na walimu. Khalas."

Neno hilo, khalas, maana yake yamekwisha. Na kwa Abubakari yalikuwa yamekwisha kweli. Ameishi Doha miaka mingi. Ameona watu wakifunguliwa milango kwa sababu wanamjua mkubwa fulani. Hiyo huitwa wasta. Mwenye wasta hapangi foleni. Abubakari hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Alipomwona kocha amevaa nguo zenye nembo ya chuo, akisalimiana kwa mabusu ya mashavuni na wakubwa, akajua wasta ya mwanawe imepatikana.

Salum naye aliamini hivyo hivyo. Siku ya mechi hakwenda darasani. Siku baada ya mechi alilala. Mwalimu wa uhasibu alipomuuliza, alijibu, "Mimi niko timu ya chuo." Mwalimu alitikisa kichwa tu, akaendelea kufundisha.

Mwezi wa kwanza ukafika, mitihani ikaanza. Abubakari aliomba ruhusa kazini ampeleke mwanawe. Aliegesha gari karibu na jengo la mtihani, akamwombea dua, akafungua chupa ya chai. Chai haijapoa, Salum akarudi.

"Umesahau kalamu?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

"Nimezuiwa, baba. Nimekosa vipindi vingi. Ukikosa zaidi ya robo ya vipindi, hufanyi mtihani. Unahesabiwa umefeli."

"Somo hili tu?"

"Hili la uhasibu, na takwimu. Na Kiingereza cha biashara."

Abubakari aliweka kikombe juu ya dashibodi. Kilipinduka, hakukiokota.

"Ulijua?"

"Walinipa onyo. Nikamwambia kocha. Akasema nisijali."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

Salum alimtazama baba yake usoni. "Ningekwambia nini? Si wewe uliyekuwa ukimwambia mama aniache nilale?"

Abubakari alimwacha ndani ya gari, akaenda uwanjani kwa miguu, ametota jasho ingawa siku ilikuwa ya baridi. Kocha, mtu wa Tunisia, alikuwa akipanga koni. Walizungumza kwa Kiarabu, kile Kiarabu cha madereva.

"Ulisema utazungumza na walimu!"

"Nilizungumza na mmoja. Alikataa."

"Mbona hukuniambia? Kila siku nilikuwa hapa!"

"Ndiyo, ulikuwa hapa," kocha alisema. "Kila siku uliniuliza kwa nini simpangi namba kumi. Habari ya masomo hukuniuliza hata mara moja."

Abubakari alijifuta jasho la usoni.

"Na jambo jingine," kocha akaendelea. "Wastani wake ukishuka chini ya mbili kati ya nne, chuo hakiniruhusu kumsajili. Muhula ujao hayumo."

Akapuliza filimbi. Vijana wakaja mbio. Upande wa kushoto alikwisha kusimama kijana mwingine.

Nyumbani Khadija hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akauliza jambo moja.

"Iqama yake itakuwaje?"

Iqama ni kibali cha kukaa nchini. Mtoto wa kiume akishakuwa mkubwa, hakai chini ya kibali cha baba yake bure bure. Hukaa kwa sababu anasoma. Chuo kikimfukuza, itabidi aondoke. Salum aliletwa Doha akibebwa mgongoni. Tanga alikuwa akiijua kwa simu tu.

"Nani atampokea?" Khadija aliuliza. "Mama yako tumeshamzika. Mama yangu mwenyewe anaogeshwa."

"Sitamwacha aondoke," Abubakari alisema. "Kuna jamaa pale Al Mansoura, anajuana na watu wa zahanati. Atatupatia cheti cha daktari. Tutasema alikuwa mgonjwa."

"Thubutu!"

Aliyesema hivyo alikuwa Loice, jirani wa mlango wa pili. Khadija alikuwa amemwita. Loice alikuwa Mkenya kutoka Kakamega. Alifanya kazi katika ofisi ya wanafunzi ya chuo kingine hapo mjini. Zamani, huko kwao, alisoma chuo kikuu huku akicheza mpira wa mikono. Yeye na Khadija waliazimana sufuria, vitunguu na siri.

"Baba Salum, wacha nikwambie ukweli, hata ukikasirika," alisema. "Huyu kijana alicheza mechi muhula wote. Picha zake ziko kwenye ukuta wa chuo. Ati alikuwa mgonjwa? Ukipeleka hicho cheti, kosa halitakuwa utoro tena. Itakuwa ni udanganyifu. Atafukuzwa siku hiyo hiyo."

"Sasa tufanye nini, dada Loice? Tumtafute mtu anayemjua mkuu wa chuo?"

"Hapana! Hicho ndicho kimewafikisha hapa." Akamgeukia Salum. "Wewe, kuja hapa. Keti. Mwalimu wako wa uhasibu anaitwa nani?"

Salum alifikiri. Akatazama chini.

"Hujui jina lake?"

"Sikumbuki, anti."

"Unaona?" Loice alisema. "Huyo mwalimu pengine hana ubaya na mpira. Lakini atamhurumia mtu asiyemjua? Kocha analipwa timu ishinde. Hiyo ni kazi yake, usimlaumu. Darasa ni lako wewe. Wewe ndiye wa kwenda kwa mwalimu, kwa miguu yako, kabla ya safari na si baada ya kurudi. Unamwambia, 'Tarehe fulani nina mechi, hii hapa barua ya ofisi ya michezo, naomba nifanye jaribio mapema.' Wengi watakubali. Asiyekubali, basi, unabaki."

"Unabaki? Unaacha mechi?" Salum aliuliza, kama aliyeambiwa akate mguu.

"Unaacha mechi. Mimi niliacha nusu fainali. Nililia mpaka nikatapika. Lakini mshahara ninaokula leo haukutoka kwa mpira wa mikono."

Aliwaeleza mengi jioni ile. Kwamba msimu wa ligi usichukue masomo mengi. Chukua yale yanayotosha kukuweka mwanafunzi kamili, lile gumu ulisome wakati wa kiangazi. Kwamba ukiona somo limekushinda, kuna tarehe ya kujitoa, na aliyejitoa kabla ya tarehe hiyo hapati sifuri. "Hayo yote wanawaambia siku ya kwanza," alisema. "Siku ya kwanza ulikuwa wapi?"

"Mazoezini," Salum alijibu.

"Na kusoma usingoje mpaka urudi umechoka kama punda. Ukitoka darasani, kaa pale pale chuoni usome kabla ya mazoezi. Mwili uliochoka husoma ukurasa mmoja mara tano."

Khadija akauliza, "Lakini atafukuzwa au hatafukuzwa?"

"Hiyo sijui, Mama Salum. Kosa la kwanza, vyuo vingi huweka mtu chini ya uangalizi. Aende ofisini mwenyewe, aseme ukweli. 'Nililala. Nilidhani mpira utanibeba.' Bila kulia, bila kumtaja kocha."

Kesho yake Salum akaenda. Abubakari alitaka kuingia naye. Salum akakataa. "Wewe ngoja hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyemtaka mtu. Abubakari alingoja nje kama dereva anayengoja mgeni wa hoteli.

Chuo hakikumfukuza. Kilimpa muhula mmoja wa uangalizi. Masomo yale matatu ayarudie. Asipofaulu, aende zake. Na mpira asiuguse kwa jina la chuo.

Nyumba ile haikuwa na furaha muhula huo. Abubakari aliomba zamu yake isogezwe iwe ya usiku, akawa anampeleka Salum darasani asubuhi. Redio ikisoma habari za mpira, Salum aliizima. Alasiri, saa ya mazoezi, Abubakari alikuwa hajui mikono yake aiweke wapi. Mara nyingine alijikuta ameshika ufunguo wa gari, kisha akaurudisha msumarini.

Timu ya chuo ilichukua kombe muhula huo huo. Winga mpya wa kushoto alifunga bao la ushindi. Nahashon ndiye aliyeleta habari, akidhani watu wameshapoa.

"Lakini yule si kama Salum," alisema. "Yule ni wa kubahatisha tu."

"Nyamaza, bwana," Abubakari alimwambia. "Kunywa chai yako uende."

Salum alikuwa chumbani. Aliyasikia yote. Aliendelea kupiga hesabu zake. Jina la mwalimu wa uhasibu alikuwa analijua sasa. Aliitwa Doctor Benard, Mganda mkavu asiyecheka, na Salum alikuwa akimfuata ofisini kila wiki na maswali.

Matokeo yalipotoka, Salum alikuwa amefaulu yote matatu. Takwimu alipita kwa shida, lakini alipita. Wastani ulipanda juu ya mbili. Uangalizi ukaondolewa, na Abubakari akapeleka karatasi za iqama zikapigwa muhuri wa mwaka mwingine. Khadija aliposikia alikwenda jikoni, akajifungia, akakaa humo muda mrefu.

Msimu mpya kocha alimsajili tena. Si kama zamani. Alianzia benchi. Yule winga wa bao la ushindi ndiye aliyeanza. Salum alipewa dakika chache za mwisho, akakimbia kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Kisha ikaja safari. Timu ilialikwa mashindano ya vyuo Kuwait, na yule winga alikuwa ameteguka kifundo. Nafasi ilikuwa wazi. Mapema kabisa Salum alikwenda kwa walimu wake, mmoja mmoja, na barua ya ofisi ya michezo mkononi. Wote walimpangia jaribio la mapema, isipokuwa Doctor Benard, ambaye sasa alimfundisha uhasibu wa hatua ya pili.

"Jaribio langu ni siku hiyo," alisema. "Kwa wote. Samahani, Salum."

Salum alirudi nyumbani akawaambia wazazi wake. Abubakari alisimama. Alikuwa na maneno mengi kifuani. Alitaka kusema ni Kuwait, mwanangu, ni nafasi yako, watu wa klabu watakuwepo. Maneno yale yalimfika mpaka kwenye meno. Khadija alimtazama tu.

"Wewe umeamuaje?" Abubakari aliuliza hatimaye.

"Nabaki."

"Umemwambia kocha?"

"Nimemwambia. Amenitukana kidogo."

"Kidogo?"

"Kwa Kiarabu cha kwao Tunisia. Sikuyaelewa yote."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu baba na mtoto kucheka pamoja, na hata kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Timu ikaruka kwenda Kuwait bila Salum. Walifika fainali. Siku ya fainali yeye alikuwa darasani, ameinamia jaribio la uhasibu. Alipata alama za juu kuliko zote alizowahi kupata kwa Doctor Benard. Alirudi nyumbani, akaweka viatu vyake vya mpira chini ya kitanda, akaketi kula wali.

Khadija alimwongezea mchuzi.

"Inauma, mwanangu?"

"Inauma sana, mama."

"Unajuta?"

Salum alitafuna, akameza. "Kesho nina kipindi cha asubuhi," alisema. "Mniamshe mapema."

"Nitakuamsha mimi," alisema Abubakari.